Kapu Juu ya Meza ya Jaji

Kaka yangu Mahlu Ram alifariki mwezi wa Phagun, baridi ikielekea kwisha, theluji ikiwa bado juu ya milima ya Dhauladhar na mfereji ukiwa mkavu, ukingoja kusafishwa. Matanga yamekwisha, wageni wamerudi kwao, na shemeji yangu Durgi ameanza tena kugombana na ng'ombe wake. Nami nimekaa kuandika. Mimi si mwandishi. Nilisoma mpaka darasa la kumi kule mjini Dharamsala, kisha nikafundisha watoto wa hapa kusoma na hesabu mpaka nilipostaafu. Lakini kuna jambo la Kaka ambalo vijana hulisimulia kombo, wakicheka kwamba alimhonga jaji kwa wali. Nataka liwepo mahali likiwa limenyooka.

Kaka alikuwa mgawa maji wetu, kama baba yetu kabla yake. Mfereji wetu unachukua maji kwenye kijito cha mlimani na kupita vijiji kadhaa, na mgawa maji ndiye anayesema leo shamba la nani linywe na la nani lingoje. Wakati wa kupandikiza mpunga hakuna mwenye neno juu ya neno lake. Watu humlaani mchana kutwa, na baada ya mavuno humletea fungu lake la nafaka.

Juu yetu, karibu na chanzo cha mfereji, palikuwa na shamba la chai la Bwana Lorimer. Baada ya lile tetemeko kubwa la ardhi lililobomoa bonde letu, wazungu wengi waliuza mashamba yao wakaenda zao. Yeye alimzika mkewe pale pale akabaki. Lugha yetu aliizungumza vibaya lakini bila aibu, na kwa miaka mingi hatukuwa na shida naye. Kisha akajenga kizuizi cha mawe na saruji ili maji yazungushe gurudumu la kiwanda chake, na mfereji ukaanza kutufikia ukiwa mwembamba kama mkia wa panya. Msimu wa kwanza tulivumilia. Msimu wa pili mashamba ya chini yalipasuka. Tukaenda kushtaki.

Aliyesikiliza kesi mara ya kwanza alikuwa bwana shauri, kijana wa Kiingereza aliyekuwa ndiyo kwanza amefika. Kwa kuwa hakukuwa na nyumba nyingine ya kulala mzungu upande ule, alilala kwa Lorimer, akala kwa Lorimer, na asubuhi akaja kwenye kesi juu ya farasi wa Lorimer. Kaka alitakiwa ajibu ndiyo au siyo. Hukumu ilisema kijito ni mali ya Serikali, Bwana Lorimer ana kibali, na sisi hatuna letu. Sisemi kijana yule alihongwa. Sidhani hata alijua kwamba alikuwa amekaa upande mmoja.

Tukakata rufaa kwa jaji wa wilaya. Hapo palikuwa na ugumu wake. Jaji alikaa tambarare, na wakati wa joto tu ndipo alipopanda Dharamsala kwa majuma machache kusikiliza rufaa za milima yote. Ukikosa nafasi hiyo, ilibidi ungoje mwaka mwingine, na miche ya mpunga haijui kungoja. Mwaka ule aliyekuja alikuwa mgeni, jina lake Bulaki Das, Mpunjabi, jaji wa kwanza asiye mzungu kuonekana kwetu. Kijiji kizima kilifurahi. Jirani yetu Jaisi, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji, alipita nyumba hadi nyumba akisema kesi tumeshinda, kilichobaki ni kwenda kuchukua karatasi.

Siku ya kwanza wakili wetu Salig alianza kwa kumsifu jaji kuwa ni mwana wa nchi hii, anayeijua njaa ya mkulima. Jaji alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi. Alimwacha amalize sentensi yake.

"Wakili," alisema, "mimi si wa mrufani wala si wa mjibu rufaa. Kama una la kusema juu ya mfereji, sema."

Jaisi, aliyekuwa ameketi karibu nami, alinong'ona kwamba huyu naye amekwisha kunywa chai ya wazungu.

Kisha jaji akasema anataka kumsikia mgawa maji mwenyewe. Kaka alisimama, kilemba chake kipya kikiwa kimekaa upande. Jaji alimuuliza maji hugawanywa vipi mwaka wa ukame, nani husafisha tope, na anayekataa kusafisha hufanywa nini. Kila jibu aliliandika kwa mkono wake. Pale Kaka alipojichanganya, jaji aliweka kalamu chini, akamwambia aanze tena bila haraka. Baadaye alimwita msimamizi wa kiwanda cha Lorimer na kumuuliza kwa utaratibu ule ule, na msimamizi naye alipojichanganya, kalamu iliwekwa chini vile vile. Jambo hili halikumpendeza Kaka hata kidogo.

Lakini tulipotoka alikaa kwenye ngazi za mahakama, akashika magoti yake.

"Amenisikiliza mpaka mwisho, Nantu," alisema. "Hata nikishindwa. Amenisikiliza mpaka mwisho."

Kesho yake ilikuwa siku ya sadaka ya mfereji. Kila mwaka, kabla maji hayajafunguliwa kwa kupandikiza, mgawa maji hutoa sadaka kule kwenye chanzo, na chakula chake hugawanywa. Ni wali wa sukari guru na shamari, na maandazi bapa ya samli, vyote katika sahani za majani yaliyoshonwa. Fungu hupelekwa kwa kila mtu aliyetia mkono kwenye maji mwaka ule: aliyezoa tope, aliyebeba jiwe, fundi chuma aliyenoa majembe. Fungu halirudishwi. Kulirudisha ni kusema maji yale yana laana. Na mtu akisahauliwa, sadaka huhesabiwa haijakamilika.

Mimi siku hiyo nilikuwa shuleni. Niliporudi jioni nilimkuta Shemeji anaosha sufuria, na Kaka amejinyoosha uani, ametulia kama mtu aliyelipa deni. Nikauliza mafungu yamekwisha? Shemeji akasema yote, mpaka la jaji.

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Kaka, umempelekea jaji chakula?"

"Nimempelekea fungu. Ametia mkono kwenye maji kuliko hata Jaisi, ambaye mwaka huu hajazoa tope lolote."

"Hiyo ni rushwa, Kaka. Katikati ya kesi."

"Wali wa sukari guru ni rushwa? Basi mungu wa mfereji anakula rushwa kila mwaka."

"Ningejua ni rushwa," Shemeji alisema bila kugeuka, "ningeongeza samli."

Nilijaribu kuwaeleza. Nikasema sheria haiangalii ukubwa wa kitu. Kaka aliniuliza kama yule bwana shauri aliyelala kwa Lorimer na kupanda farasi wake alikula rushwa. Nikasema hilo lilikuwa baya pia. Akasema, mbona hakuna aliyekaa chini siku ile. Nikaenda kulala. Hata hivyo, usingizi haukunijia vizuri, maana walikuwa wameliacha kapu la fungu lile kwa mtumishi, jaji akiwa amekwenda matembezini, na sikujua alipolikuta alifanya nini.

Mahakama ilipokaa tena, nililiona kabla hata sijaketi. Kapu la Shemeji lilikuwa juu ya meza ya jaji, majani yakiwa hayajafunguliwa. Wakili Puri wa upande wa pili, aliyeletwa kutoka Lahore, alikuwa amekwisha kulitazama na kutabasamu. Wakili wetu Salig alifunika uso kwa kiganja.

Jaji aliingia, akasema kabla ya jambo lolote ana la kuwaambia wote. Chakula hiki kililetwa alikolala jana na mrufani, yeye akiwa hayupo. Hakukionja. Akamwita Kaka, akamwambia aeleze ni kitu gani.

Kaka alieleza, sauti ikipotea na kurudi. Alieleza sadaka, mafungu, na kutia mkono. Alisema hakuomba chochote.

"Najua hukuomba," jaji alisema. "Na najua desturi kama hizi, zipo hata kwetu. Nikilirudisha, nimeitukana sadaka yako. Nikilipokea, nimekitukana kiti hiki. Kwa hiyo nimeliweka hapa, kila mtu alione. Umenitia mahali pabaya, Mahlu Ram, na umejitia wewe mwenyewe mahali pabaya zaidi."

Kaka aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona ameinama vile, hata kwenye msiba wa baba.

Jaji akamgeukia Wakili Puri. Alisema mteja wake ana haki ya kumkataa yeye kama jaji. Kama akimkataa, atajitoa bila kinyongo, na rufaa itasikilizwa na jaji mwingine, msimu mwingine. Sote tulijua maana yake. Msimu mwingine ni baada ya miche kufa, na jaji mwingine aliyetajwa-tajwa alikuwa mzee mmoja aliyekuja kila vuli kuvua samaki na kulala kwa Lorimer.

Wakili Puri alisema kwa adabu kwamba mteja wake hayupo leo, anaomba mpaka kesho amuulize. Lakini kabla ya kuketi aliomba pia ruhusa ya kumuuliza mrufani swali moja au mawili kuhusu desturi hii nzuri.

"Umesema kila anayetia mkono kwenye maji hupata fungu. Mteja wangu je? Umempelekea?"

"Sikumpelekea."

"Jaji umempelekea, mpinzani wako hukumpelekea. Hajawahi kupata hata siku moja?"

Hapa wakili wetu Salig alianza kukohoa kwa nguvu, kikohozi kisichokuwa na ugonjwa. Maana katika karatasi za rufaa tulikuwa tumesema Bwana Lorimer hana haki na tone moja la mfereji ule, na hajawahi kuwa nayo. Kaka alimsikia Salig akikohoa. Alimtazama. Kisha akalitazama kapu pale mezani.

"Alikuwa akipata," alisema. "Baba alimpelekea kila mwaka. Alikuwa anatoa vibarua wake kuzoa tope, na bustani yake ilikuwa na zamu ya maji. Nami nilimpelekea, mpaka alipojenga ukuta wake. Tangu hapo nikaacha."

Wakili Puri alikaa chini ameridhika. Jaji aliandika kwa muda mrefu, kikohozi chake kikawa ndiyo sauti pekee.

Njia nzima ya kurudi Jaisi hakuacha kumwambia Kaka kwamba amewaua. Kwanza umempa jaji chakula, sasa umempa mzungu maji, kesho utampa nani mashamba? Kaka aliongeza mwendo. Tulipofika nyumbani alimwomba Shemeji amwekee chakula cha sadaka kilichobaki katika sahani ya majani.

Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema kuna fungu la mtu halijafika.

Nikamwambia, Kaka, safari hii watasema unamhonga Lorimer asimkatae jaji. Akasema waseme. Amekiri mbele ya jaji kwamba mtu yule ni mwenye fungu, halafu arudi nyumbani alale na fungu lake ndani? Nikafuatana naye, maana niliogopa atasema neno la kutuharibia zaidi.

Bwana Lorimer alikuwa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, suruali imekunjwa. Hakuona haya wala hakusimama. Aliitazama ile sahani ya majani.

"Misimu miwili sijaiona hii," alisema kwa lugha yetu iliyovunjika.

"Misimu miwili umetunyima maji," Kaka alisema.

"Wakili wangu alikuwa hapa sasa hivi. Ameniambia nimkatae jaji. Na wewe unaleta wali. Unataka nisimkatae?"

"Mkatae ukitaka. Ukimkataa, sisi tutakauka. Lakini fungu ni lako, sikulileta kununua kitu."

Lorimer aliuliza, mlimpelekea jaji kama hili? Kaka akasema ndiyo, na kwamba lilikuwa kosa, na kwamba jaji amemsema mbele ya watu wote. Lorimer aliuliza tena, akitaka kujua hasa jaji alisemaje na kapu lilikaa wapi. Nilimweleza mimi, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka. Akapokea sahani kwa mikono miwili kama tunavyopokea sisi, akasema usiku mwema. Tulishuka bila kujua chochote.

Kesho yake alikuja mahakamani mwenyewe. Wakili Puri alikuwa amekunja uso. Jaji alimuuliza Bwana Lorimer kama ana pingamizi.

"Sina," Lorimer alisema. "Nimekaa nchi hii miaka mingi, nimelisha mahakimu wengi mezani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyewatangazia watu alichokula. Huyu hakukionja na ametangaza. Wakili wangu hawezi kuniahidi kwamba nitampata mwingine wa namna hii."

Jaji alimuuliza kama mrufani amempelekea kitu chochote tangu jana.

"Amenipelekea. Mimi nimekula chote."

Watu walicheka, hata karani. Jaji hakucheka, ila aliandika na hilo pia.

Hukumu ilisomwa mwisho wa juma. Nakumbuka maana yake kuliko maneno. Jaji alisema kibali cha Serikali hakifuti desturi ya mfereji iliyokuwepo kabla yake, kwa hiyo hukumu ya kwanza ilikosea. Alisema pia kwamba mrufani, kwa ulimi wake mwenyewe na kwa hasara yake, amekiri kuwa mjibu rufaa ni mmoja wa wenye mfereji. Na mjibu rufaa, kwa kupokea fungu miaka yote ile, amekubali kuwa chini ya mgawa maji kama wengine. Basi kizuizi hakitabomolewa kama tulivyoomba, wala hakitafungwa kama alivyotaka Lorimer. Mwezi wa kupandikiza kitakuwa wazi usiku na mchana, isipokuwa zamu moja ya kiwanda kila juma, na zamu hiyo ataipanga mgawa maji. Miezi mingine gurudumu lizunguke. Gharama, kila mtu abebe zake, kwa kuwa mrufani aliipotezea mahakama muda kwa kitendo ambacho nia yake ilikuwa safi na matokeo yake yangeweza kuwaangamiza wenziwe.

Maji yalifika siku ya pili. Wanawake waliingia mashambani wakiwa na miche iliyokuwa imeanza kugeuka rangi, na mingi ilishika. Jaisi aliendelea kulalamika kwamba jaji amewapendelea wazungu. Karani mmoja wa kiwanda aliniambia kwamba kule kwenye klabu yao wazungu walisema jaji amewapendelea wenyeji. Nilipomweleza Kaka, Shemeji akadakia kwamba maskini jaji wa watu, afadhali angekula wali.

Kaka aliniuliza kama sasa anaweza kwenda kumshukuru. Nikamwambia bado, Lorimer anaweza kukata rufaa mahakama kuu ya Lahore, na Kaka akionekana mlangoni kwa jaji, hukumu nzima itatiwa shaka. Akangoja. Lorimer hakukata rufaa. Lakini muda wa kukata rufaa ulipokwisha, jaji alikuwa amekwisha kushuka tambarare, na mwaka uliofuata alikuja mwingine. Tulisikia amehamishiwa mbali, upande wa jangwani. Kaka hakupata kumwambia asante. Mara nyingi, akiwa anavuta tumbaku yake, aliuliza ghafla, "Sijui kile kikohozi kilipona?" na sisi tulijua anamsema nani.

Miaka mingi baadaye, wazungu walipokuwa wamekwisha kwenda na Lorimer amelala kando ya mkewe, ulikuja ukame mbaya kuliko ule. Kamba ya maji iliyobaki ilitosha shamba moja tu kabla miche haijafa, ama langu ama la Jaisi. Tulikwenda kwa Kaka wote wawili. Jaisi alikuwa mzee sasa, ameshika fimbo, na alianza kusema kabla ya kufika mlangoni kwamba anajua atakayepewa, damu ni damu.

Kaka alituketisha. Alituambia kwamba shamba moja ni la mdogo wake wa tumbo moja, na la pili ni la mtu aliyemtukana maisha yake yote, kwa hiyo hana macho ya kuliona jambo hili sawasawa. Akamtuma mtu kumwita mgawa maji wa mfereji wa bonde la pili, ambaye hakutujua kwa mema wala kwa mabaya. Mtu yule alikuja, akatembea mashamba yote mawili, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua maji upande wa Jaisi.

Mpunga wangu ulikufa. Jaisi alisimama kwenye ukingo wa shamba lake lililojaa, hana la kulalamikia, na nadhani hilo lilimwuma kidogo. Nilirudi nyumbani bila kumuaga Kaka. Majira ya baridi yalipoingia, nyumba yangu ilikuwa na mahindi tu.

Kaka alikuwa na mchele ghalani, fungu lake la mgawa maji. Hakuniletea, maana kama angeniletea, Jaisi angesema ni fidia ya siri. Alichofanya ni kwamba kila jioni, majira yale yote, alikuja kwangu na Shemeji, mchele wao wakiuacha ghalani, wakaketi jikoni karibu na moto, wakala mikate ya mahindi pamoja nasi. Shemeji alilalamika kila siku kwamba meno yake hayawezi. Kaka alikula, akaomba mwingine.